Je, Wajua? Mtafiti Aliyeingia Jikoni

Je, wajua kwamba nadharia inayotumiwa sana kueleza jinsi watu wanavyojionyesha mitandaoni ilipikwa, kwa sehemu, jikoni mwa hoteli ndogo? Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, alifika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, Desemba 1949. Wenyeji aliwaambia ni mwanafunzi anayetaka kujifunza uchumi wa kilimo cha pale. Kumbe anawachunguza wao!

Katika hoteli hiyo ya visiwani, mbele ya wageni, adabu tupu. Nyuma ya mlango wa jikoni, soksi zilizolowa zilikaushwa juu ya birika linalochemka, na siagi iliyobaki mezani iliundwa upya ikapelekwa kwa mgeni mwingine. Mlango wenyewe ulikuwa ugomvi wa kutwa: wahudumu, mikono imejaa sinia, waliutaka wazi, wenye hoteli waliutaka umefungwa.

Kitabu chake chenye nadharia hiyo kilitoka Edinburgh mwaka 1956. Hoja yake ni kwamba kila mtu ana sebule na uani, na nafsi anayoionyesha hutegemea nani anatazama. Mtandaoni, bosi, shemeji na rafiki wa utotoni husoma ujumbe uleule, ndiyo maana baadhi ya watu hufungua akaunti ya pili kwa jina la bandia.