Wanafunzi Waingiao Chuo Bila Maandalizi

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, kijulikanacho kwa kifupi kama CUNY, kilifungua milango yake kwa kila kijana aliyehitimu shule ya sekondari jijini humo. Mwaka mmoja kabla yake, wanafunzi weusi na wale wa asili ya Puerto Rico walikuwa wameyateka baadhi ya majengo ya City College, tawi la chuo hicho lililoko Harlem, wakidai nafasi kwa vijana wa mitaa yao. Hivyo wanafunzi wapya wapatao 35,000 waliingia kwa mkupuo. Wengi wao hawakuzoeshwa kuandika insha, na wengine walitatizwa na hesabu za sehemu. Walikuwako wahadhiri waliotamka waziwazi kwamba watu hawa hawafundishiki.

Mwalimu mmoja wa City College, Mina Shaughnessy, hakuridhika na kauli hiyo. Alikusanya insha 4,000 hivi, ambazo wanafunzi walikuwa wameziandika katika mitihani ya kuingilia kati ya mwaka 1970 na 1974, akayachambua makosa yaliyomo kama vile mtaalamu wa mimea anavyoyachambua majani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1977, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Alilogundua ni kwamba makosa hayakutawanyika ovyo, bali yalifuata kanuni, ingawa si kanuni za kitabu cha sarufi.

Chukua mfano wa herufi s katika Kiingereza. Mwishoni mwa nomino herufi hiyo huonyesha wingi. Mwishoni mwa kitenzi cha wakati uliopo huonyesha kwamba mtenda ni mmoja. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kuwa s ni alama ya wingi, kisha akaibandika kwenye kitenzi pale watenda wanapokuwa wengi, ametumia akili yake barabara. Lugha ndiyo iliyomgeuka. Mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza nchini Tanzania, mahali ambapo mtoto aliyesoma kwa Kiswahili kwa miaka saba alitazamiwa kuanza kusoma sayansi kwa Kiingereza, anayajua makosa ya aina hiyo. Ugumu huo hauishi sekondari: ndiyo maana hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha somo la stadi za mawasiliano.

Makosa ya hesabu nayo yana mantiki

Mwanafunzi akiulizwa nusu ongeza theluthi, mara nyingi hujibu 2/5: amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Kabla ya kumcheka, ni vema kutazama jinsi alama za mtihani zinavyojumlishwa. Aliyepata swali 1 kati ya 2 asubuhi, na 1 kati ya 3 jioni, amepata maswali 2 kati ya 5. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa! Tofauti ni kwamba asubuhi na jioni zinapimwa kwa vitu viwili tofauti, ilhali nusu na theluthi ni sehemu za kitu kile kile. Kumwandikia alama ya mkasi hakumwonyeshi tofauti hiyo. Kumwuliza kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo humfanya aone mwenyewe kwamba ameongeza akapungukiwa.

Kuna mahali ambapo kusoma na kuhesabu haviwezi kutenganishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, katika taarifa ya mwaka 1981, waliwapa wanafunzi sentensi hii waiandike kama mlinganyo: wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na wengi waliandika 6W = P. Hawa walikuwa wanafunzi wa uhandisi, si watu waliokosa aljebra. Wengi waliyafuata maneno kwa mpangilio wake, au waliichukua herufi W kuwa kifupi cha neno “wanafunzi” badala ya idadi yao. Weka maprofesa 10 na wanafunzi 60, na mlinganyo unasema 360 ni sawa na 10.

Ngazi inayopunguza watu

Kwa miaka mingi dawa iliyotumika Marekani ilikuwa kozi za rekebishi: mwanafunzi aliyeshindwa mtihani wa kuingilia alipangiwa kozi moja, mbili au hata tatu zisizohesabiwa katika shahada, kabla ya kuruhusiwa somo la chuo lenyewe. Nia ilikuwa njema, lakini kuzidisha kwa kawaida kunafichua kasoro yake. Tuseme kuna kozi tatu mfululizo, na katika kila moja hufaulu watu 7 kati ya 10. Kati ya 100 walioanza, watakaovuka zote ni 34 tu. Tuseme tena kwamba kila baada ya kufaulu, watu 2 kati ya 10 hawarudi, kwa sababu ya kazi, mtoto au nauli. Watabaki 22. Hakuna mwalimu aliyefundisha vibaya, na hata hivyo watu 78 wametoweka.

Mwaka 2013 vyuo vitatu vya CUNY vilifanya jaribio. Wanafunzi waliopaswa kuanza na aljebra ya rekebishi waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisoma aljebra hiyo kama kawaida. La pili liliongezewa warsha ya kila wiki. La tatu liliingizwa moja kwa moja katika somo la takwimu la ngazi ya chuo, pamoja na warsha. Waliofaulu walikuwa asilimia 39, 45 na 56. Ajabu ni kwamba somo lililodhaniwa kuwa gumu zaidi ndilo lililofaulisha wengi. Mwaka 2023 CUNY ilitangaza kwamba imeacha kuwapangia wanafunzi kozi za rekebishi za mtindo wa zamani.

Jambo linalofanana na hilo lilikwisha kuonekana Berkeley, California, katika miaka ya 1970. Uri Treisman aliwafuatilia wanafunzi 20 weusi na 20 wa asili ya Kichina waliosoma kalkulasi, hadi vyumbani mwao. Wale weusi walisoma kwa bidii, lakini peke yao. Wenzao walikutana jioni, wakasahihishana, na kila mmoja akajua amesimama wapi. Treisman alianzisha vikundi vya kutatua maswali magumu kwa pamoja, na walioshiriki waliwapita wenzao ambao hawakushiriki.

Hata hivyo takwimu haimpeleki mtu kwenye uhandisi, fizikia wala kemia. Kijana mwenye nia ya kujenga madaraja bado anaihitaji aljebra ile ile aliyorukishwa, na ni nani atakayemfundisha, na kwa saa zipi, ndilo swali ambalo vyuo vingi vinaendelea kulitafutia jibu.