Msimamizi Asihukumu Kabla ya Kusikiliza: Kwa Nini Tunafundisha Sheria ya Kazi



Katika taasisi zetu za dini tumezoea kuitana ndugu. Tunaanza kazi kwa sala, tunachangiana harusi, tunazikana. Undugu huu ni baraka, lakini una hatari yake: hutufanya tudhani kwamba sheria za kazi ni za viwandani na kwenye mabenki, na kwamba sisi mambo yetu tutayamaliza kindugu. Katika makala hii tunaeleza kwa nini tunawapa wasimamizi wa ngazi ya kwanza mafunzo ya sheria ya kazi, na mambo ambayo kila mmoja wao anapaswa kuyafahamu.

Sheria inatuhusu na sisi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inawahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara, isipokuwa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005. Zahanati ya misheni na mradi wa maji havikusamehewa. Mlinzi wa kituo cha yatima ana haki kama za mlinzi wa benki: maelezo ya kazi yake kwa maandishi, saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Mhudumu anayejifungua ana likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Kwa nini ngazi ya kwanza?

Mkurugenzi yuko makao makuu. Anayeonana na mfanyakazi kila asubuhi ni mratibu wa mradi, muuguzi kiongozi, mwalimu mkuu wa chekechea au msimamizi wa madereva. Wengi wao walipewa madaraka kwa sababu ni hodari katika fani zao, na hawakuwahi kufundishwa namna ya kuwasimamia watu. Hata hivyo, neno analolisema msimamizi huyo linaweza kulifunga shirika zima.

Katika mafunzo tunatumia mfano huu. Dereva wa mradi amefanya kazi miaka minne. Mafuta yanapungua, na msimamizi anaambiwa kwamba dereva anauza dizeli njiani. Kwa hasira anamnyang'anya funguo na kumwambia asirudi. Au kwa huruma anamshauri: “Andika barua ya kuacha kazi mwenyewe, jina lako lisichafuke.”

Huenda dereva ni mwizi kweli. Lakini sheria inauliza maswali mawili: je, sababu ya kumwachisha ni halali? Na je, utaratibu ulikuwa wa haki? Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha yote mawili. Hata barua ya kuacha kazi haimalizi suala hilo, maana mfanyakazi anaweza kueleza kwamba aliiandika kwa kulazimishwa. Dereva ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko msimamizi ataulizwa karatasi. Kama hana, shirika linaweza kuamriwa kumrudisha kazini au kumlipa fidia ya mishahara ya miezi kadhaa. Ni nadra mfadhili kutenga fungu la kulipia kosa la namna hiyo. Fedha zitatoka kwenye visima na dawa.

Na kama dereva hakuiba? Basi tumeinyima familia chakula kwa sababu ya maneno ya kusikia, nasi tumefanya hivyo kwa jina la Mungu. Katika Injili ya Yohana, Nikodemo aliwakumbusha wakuu wenzake kwamba mtu hahukumiwi kabla hajasikilizwa. Sheria ya nchi inatutaka tufanye jambo hilo hilo.

Hatua za kufuata

Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinatoa mwongozo. Makosa madogo hurekebishwa kwa ushauri na maonyo. Tuhuma ikiwa nzito:

1. Chunguza kwanza. Angalia kitabu cha safari na risiti za mafuta, na waulize waliohusika.

2. Mpe mfanyakazi tuhuma kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48.

3. Kikao kiongozwe na kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Aliyeleta mashtaka asiwe hakimu.

4. Mfanyakazi aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, ajitetee, ahoji mashahidi na kuleta wa kwake.

5. Uamuzi utolewe pamoja na sababu zake, na mfanyakazi aelezwe haki yake ya kukata rufaa.

Tuchunge ndimi zetu

Miradi yetu mingi ina mikataba ya muda maalumu, na kwa kawaida mkataba huo huisha tarehe yake inapofika. Lakini kama ulishawahi kuhuishwa, na msimamizi amekuwa akisema, “Msiwe na wasiwasi, mwakani tupo pamoja,” mfanyakazi anaweza kudai kwamba alikuwa na matarajio ya haki ya kuendelea. Ahadi ya kumtia mtu moyo inaweza kugeuka ushahidi. Kama fedha za mwakani hazijathibitishwa, sema hivyo wazi, na mapema.

Tusijifiche pia nyuma ya neno “kujitolea.” Mtu anayepangiwa saa na namna ya kufanya kazi, au anayetegemea posho yetu kuishi, sheria humdhania kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Wito wetu

Tunaomba kila kituo kifanye mambo matatu kabla ya toleo lijalo: kila mfanyakazi awe na jalada lenye mkataba wake, kila msimamizi awe na nakala ya sheria, ikiwa na marekebisho yake, yakiwemo ya mwaka 2025, na asiwepo wa kumwachisha mtu kazi kabla ya kuwasiliana na ofisi ya utumishi.

Kufuata utaratibu hakuondoi huruma. Mtume Yakobo aliwakemea waliozuia ujira wa wavunaji wao, na waliokuwa wakilia ni wafanyakazi. Tusisubiri Tume itukumbushe kilio hicho. Undugu wetu na uanze kuonekana kwenye jalada la mlinzi wa getini.