Maji Yanayovuja, Yanayopanda na Yanayotona: Istilahi za Unyevu wa Nyumba

Miongoni mwa kazi zinazowafikia wafasiri wetu zimo taarifa za ukaguzi wa majengo na maelekezo ya kuezeka paa. Mengi ya maandishi haya yametungwa katika nchi za baridi. Huko Marekani na Kanada mnunuzi wa nyumba aghalabu humwajiri mkaguzi aipitie kabla hajalipa, na wakaguzi wa Marekani walianzisha chama chao, American Society of Home Inspectors, mwaka 1976. (Mkaguzi huyu si mthamini: mthamini hutaja bei, yeye hutaja kasoro.) Katika habari za paa na unyevu wakaguzi hao hawakubaliani kila mara, na mfasiri asiyeelewa wanachobishania huandika “unyevu” kila mahali, akaendelea na kazi yake. Hasara haimfikii yeye. Humfikia mwenye nyumba atakayelipia dawa isiyohusiana na maradhi.

Maji huingia katika nyumba kwa njia zaidi ya moja. Yapo maji ya mvua yapitayo penye tundu la msumari au chini ya kofia ya paa; hapo kitenzi ni kuvuja, wala hakuna haja ya kutafuta kingine. Yapo maji ya ardhini yanayofyonzwa na ukuta kutoka kwenye msingi, kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa. Hayo tuyaite unyevu unaopanda. Na yapo maji ambayo hayakutoka juu wala chini, bali yalikuwamo hewani yakiwa mvuke usioonekana, yakageuka matone yalipokutana na kitu cha baridi. Tendo hili ndilo ambalo vitabu vyetu vya sayansi huliita mtonesho, na ndilo linalowapotosha wengi.

Msomaji atauliza kwa nini tusiseme tu kwamba bati “linatoa jasho”. Tufikiri juu ya mtungi wa udongo na gilasi ya maji ya barafu. Vyote viwili huwa na maji upande wa nje. Lakini maji ya mtungi yametoka ndani, yamepenya katika vinyweleo vya udongo. Mtungi kweli unatoa jasho, na jasho hilo linapokauka ndipo maji yaliyobaki yanapopoa. Gilasi haina vinyweleo. Maji yake yametoka katika hewa ya chumba. Kwa hiyo jasho ni la mtungi. La gilasi ni umande, na umande ni neno ambalo kila mkulima analijua. Tunapendekeza basi mtonesho kwa tendo, na umande kwa maji yenyewe, hata yakiwa chini ya paa.

Jambo hili si la nchi za baridi peke yake. Katika nyanda zetu za juu, usiku usio na mawingu, bati hupoteza joto lake kuelekea angani hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa watu waliolala na wa chungu kilichoachwa mekoni hupanda na kugeuka umande chini ya bati. Alfajiri matone huanguka. Mwenye nyumba husema paa linavuja, fundi hupanda na lami yake kuziba matundu ambayo hayapo, na usiku wa pili matone hurudi. Mkaguzi mwangalifu huuliza kwanza kama mvua ilinyesha. Kisha hutazama kama maji yametapakaa chini ya bati zima au yameacha alama ya kutu penye msumari mmoja. Ingawa hata alama si shahidi wa kutosha, maana maji ya kuvuja huweza kufuata mbao za kenchi na kudondoka mbali na tundu.

Maneno mawili yanahitaji tahadhari. Rutuba, kwa asili yake ya Kiarabu, ni unyevu. Lakini anayeandika leo kwamba “ukuta una rutuba” atamfanya msomaji atarajie mahindi. Nalo ukungu hubeba maana ya mawingu ya chini na ya uotaji wa mkate uliochacha. Katika taarifa za majengo ni afadhali uotaji huo uitwe kuvu.

Hatari kubwa, hata hivyo, iko katika neno dogo kuliko yote haya, nalo ni “ndani”. Maelekezo ya nchi za baridi huagiza kwamba karatasi ya plastiki, yaani kizuia mvuke, iwekwe upande wa ndani wa ukuta. Kwao ni sawa, kwa sababu wakati wa baridi hewa ya ndani ndiyo yenye joto na mvuke mwingi. Hewa ya nyuzi 30 za sentigredi huweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 20 hubeba gramu 17 hivi, na ya nyuzi 10 gramu 9 hivi. Sasa tuichukue ofisi ya Dar es Salaam iliyopozwa kwa mashine hadi nyuzi 22, na nje kuna nyuzi 30 na mvuke wa gramu 24. Hewa hiyo huanza kutoa umande ikipoa hadi nyuzi 26 hivi. Ikipenya ukutani na kuikuta plastiki ya baridi upande wa ndani, umande utajikusanya nyuma yake, mahali pasipoonekana, na kuvu itafuata. Mfasiri aliyeandika “upande wa ndani” atakuwa ameyafuata maneno na kuiharibu nyumba. Aandike “upande wenye joto zaidi”, na kama asili yasema “ndani”, aulize idara husika kabla ya kuendelea. Wakaguzi wa kusini mwa Marekani, kwenye joto na unyevuanga kama wa pwani yetu, wamelazimika kulijadili suala hili hili, pamoja na lile la kama matundu ya hewa chini ya paa huondoa mvuke au huuingiza.

Kuhusu kihami joto hatuna mengi. Wako wanaokiita “kizuia baridi”, nalo ni kosa, kwani baridi haisafiri. Linalosafiri ni joto, na kihami hulichelewesha likitoka au likiingia. Makuti yamefanya kazi hiyo siku zote bila kuwa na istilahi.