Dalali wa Vyumba Hanadi Bure

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ilizaliwa zama ambazo msafiri wa Pwani hakuwa na haja ya kuuliza bei ya kitanda. Mtu akitoka Lamu au Faza kwenda Mombasa, aliijua nyumba atakayofikia kabla hajapanda chombo. Palikuwa na shangazi Kibokoni, ami Kuze, au sahibu wa babake Majengo, na mkeka ulitandikwa bila ya mtu kuulizwa atakaa siku ngapi. Siku hizi mambo yamegeuka. Nyumba zimekuwa ndogo, jamaa wametawanyika, na safari zimekuwa nyingi. Huyu ampeleka mgonjwa hospitali Nairobi, yule aenda kumwona mwanawe akivishwa joho la chuo kikuu, na wengine Mwenyezi Mungu amewajaalia kwenda Umra. Hapana budi kukodi chumba. Na kukodi chumba siku hizi, ndugu msomaji, aghalabu huanzia katika kioo cha simu ya mkononi.

Hapo ndipo mtu akutanapo na majina kama Booking.com, Agoda, Expedia na Hotels.com, kila mmoja akipiga mbiu ya punguzo. Bei ya shilingi 10,000 imekatwa kwa mstari, na chini yake pameandikwa 6,000. Moyo wadunda, kidole chawasha kubonyeza. Makala haya yataka kumshika mkono msafiri kwa kitambo kidogo, ili ajue ni nani huyo anadiye, ujira wake watoka wapi, na punguzo la kweli hupatikana kwa njia gani.

DALALI NA UJIRA WAKE

Sisi watu wa Pwani twamjua mtu huyu tangu zamani. Huitwa dalali. Hana nyumba, hana chumba, hana hata mto wa kulalia. Kazi yake ni kumkutanisha mwenye mali na mwenye haja, kisha achukue chake. Tovuti za kukodi vyumba ni udalali mtupu, ila soko lake ni dunia nzima.

Booking.com ilianzishwa Uholanzi mwaka 1996. Mwaka huo huo Expedia ilianza Marekani, ikiwa ndani ya kampuni ya Microsoft. Mwaka 2005 kampuni ya Kimarekani iitwayo Priceline iliinunua Booking.com, na mwaka 2007 ikainunua Agoda. Tangu 2018 kampuni hiyo mama huitwa Booking Holdings. Expedia nayo ilikusanya zake, zikiwemo Hotels.com, Orbitz na Travelocity. Kwa hivyo, anayelinganisha bei ya Booking.com na ya Agoda, kisha akajiona amelizunguka soko zima, ajue kwamba ameuliza katika maduka mawili ya tajiri mmoja. Bei zaweza kutofautiana, naam, lakini mwenye kutaka kulinganisha hasa na atoke nje ya ukoo huo.

Ujira wa dalali huyu hauonekani na msafiri, kwani hukatwa kwa mwenye hoteli. Aghalabu huwa kama asilimia 15 ya bei, na mara nyingine huzidi. Tufanye hesabu. Chumba chatangazwa kwa shilingi 6,000. Dalali achukua 900, mwenye hoteli abakia na 5,100. Sasa msafiri akimpigia simu mwenye hoteli, wakapatana kwa 5,500, msafiri ameokoa shilingi 500 na mwenye hoteli amepata 400 zaidi ya zile ambazo angeachiwa na dalali. Wote wawili wamefaidi. Hiyo ndiyo siri kubwa ya jambo hili, na yaliyobakia ni maelezo yake.

Mtu atauliza: mbona basi mwenye hoteli haitangazi mwenyewe hiyo 5,500? Jawabu ni mikataba. Kwa miaka mingi madalali wakubwa waliwafunga wenye hoteli wasitangaze katika tovuti zao wenyewe bei iliyo chini ya ile ya dalali. Ufaransa iliyapiga marufuku masharti hayo kwa sheria ya mwaka 2015, na Desemba ya mwaka huo idara ya Ujerumani inayolinda ushindani wa biashara ikaikataza Booking.com kuyatumia. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliyaondoa katika nchi za Umoja wa Ulaya. Lakini hata pale ambapo masharti ya namna hiyo yangalipo, aghalabu hukamata bei iliyotangazwa hadharani. Neno linalosemwa kwa simu, au pale mlangoni pa hoteli, ni la watu wawili. Na biashara haigombi.

MBIU ZA MNADANI

Katika minada ya zamani palikuwa na mtu akikaa katikati ya wanunuzi, naye hana nia ya kununua. Kazi yake ilikuwa kuipandisha bei ili asiyejua afuate. Waliosoma chuoni walilijua jina la mchezo huo, najshi, na walijua kwamba umekatazwa. Basi mtu huyo hajafa. Amehamia ndani ya simu. Humo utasoma kwamba watu 14 wanaitazama hoteli hii sasa hivi, na kwamba kimebaki chumba kimoja tu. Msafiri aingiwa na hofu, alipa.

Mwezi Februari 2019, mamlaka ya ushindani wa biashara ya Uingereza ilizibana kampuni sita, miongoni mwao Expedia, Booking.com, Agoda, Hotels.com na trivago, nazo zikakubali kubadili mwendo. Zilitakiwa zisiwatie watu haraka isiyo na msingi, kwani hao wanaoitazama hoteli huenda wanatafuta siku nyingine kabisa. Zilitakiwa pia zisitangaze punguzo kwa kulinganisha vitu visivyolingana, kama vile bei ya chumba cha kifahari na bei ya chumba cha kawaida, au bei ya mwisho wa wiki na bei ya siku za kazi. Na ikiwa hoteli imepandishwa juu ya orodha kwa sababu yatoa ujira mnono, msafiri aambiwe.

Huko Australia mambo yalifika mahakamani. Trivago ilijitangaza kwamba humsaidia msafiri kuipata bei rahisi, na mwaka 2020 mahakama ikaamua kwamba iliwapotosha watu, kwa kuwa aliyewekwa juu aghalabu alikuwa yule aliyeilipa trivago zaidi, wala si mwenye bei ya chini. Mwaka 2022 ikatozwa faini ya dola za Australia milioni 44.7. Faini hiyo haikurudi mfukoni mwa msafiri aliyekwisha lala na kuondoka. Ndiyo maana twasema, ule mstari uliokata bei ya 10,000 usiutie maanani hata kidogo. Swali ni moja: chumba hiki, kwa siku hizi, kwingine ni bei gani?

PUNGUZO LA KWELI

Lipo punguzo la kweli, nalo mara nyingi halipigiwi mbiu. La kwanza ni msimu. Hoteli za Pwani yetu hujaa Desemba, Pasaka, na likizo za shule za Agosti. Ikiingia masika, Aprili hadi Juni, wageni hupungua na bei hushuka. Mwenye harusi au mkutano unaoweza kungoja, na angoje.

La pili ni kitambulisho. Hoteli nyingi za kitalii nchini Kenya zina bei mbili, ya wageni wa nje na ya wenyeji, na ya wenyeji huwa chini. Tovuti za ng'ambo aghalabu hazikuonyeshi bei hiyo ya pili. Hutaipata mpaka upige simu na kuuliza, na kuuliza si ujinga.

La tatu ni kuisoma bei mpaka mwisho. Kenya kuna kodi ya thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Saudia kodi ya thamani ni asilimia 15 tangu Julai 2020. Bei isiyo na kodi si bei, ni chambo. Marekani, tangu Mei 2025, sheria yawataka wauza vyumba waonyeshe tangu mwanzo bei iliyo pamoja na ada zao za lazima. Uliza pia kama chai ya asubuhi imo, kama watoto wanahesabiwa, na kama utalipa kwa shilingi au kwa dola, kwani benki nayo ina chake katika kubadilisha fedha.

La nne ni uanachama. Booking.com huwapa waliojiandikisha punguzo la asilimia 10 katika hoteli zilizokubali. Si vibaya kulichukua, ila ujue kwamba hulibeba mwenye hoteli, wala si dalali. Akiwa aweza kumpa dalali punguzo hilo, aweza kukupa wewe.

Sasa tuje kwa msafiri wa Umra, ambaye pengine ameweka akiba miaka na dahari. Huyu ndiye mwenye kuumia zaidi akikosea. Ramadhani, na hasa kumi la mwisho, bei za Makka hupaa. Miezi mingine isiyo ya Hija hupungua sana. Mtaa wa Aziziyah ni rahisi kuliko majengo yanayoutazama Msikiti Mtukufu, lakini uko mbali, na mzee mwenye magoti mabovu atakilipia kila kitu kwa miguu au kwa teksi. Umbali unaoonyeshwa kwenye ramani kwa mstari ulionyooka si njia ya miguu, na Makka ni mji wa milima. Zaidi ya yote, chumba kinachotangazwa kwa bei ya chini kabisa aghalabu ni kile ambacho fedha zake hazirudi ukighairi. Usikilipie kabla hujashika viza mkononi. Afadhali kuongeza kidogo ukabaki na ruhusa ya kughairi, kuliko kuokoa kidogo ukapoteza chote.

TUSIMTUKANE DALALI

Haifai kumwona dalali kuwa mwizi. Ujira wa kazi ni halali yake. Nyumba ya wageni iliyo ndani ya vichochoro vya Lamu, isiyo na fedha za kutangaza London wala Berlin, humpata mgeni wa Ulaya kupitia kwake. Ukifika mji usioujua, usiku, na lugha yao huisemi, dalali ni msaada. Na ziko siku mwenye hoteli, kwa kuogopa vyumba kulala vitupu, humpa dalali bei ambayo hata kwa simu hutaipata. Siku hiyo ichukue.

Lakini tukumbuke ziendako zile asilimia 15. Katika kila shilingi 100 anazolipa Mkenya kulala kwa Mkenya mwenzake, 15 huvuka bahari. Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba sita, hizo ni mshahara wa mpishi au wa mfagizi. Anayepiga simu hajiokoi peke yake.

Itumie tovuti, basi, kama vile mtu apitavyo sokoni asubuhi kuangalia. Tazama picha, soma malalamiko ya waliolala kabla yako, ijue bei. Kisha itafute nambari ya hoteli yenyewe, uulize bei ya mwenyeji, na jumla pamoja na kodi. Mkipatana, taka maandishi yenye tarehe, bei na masharti ya kughairi. Ukilipa kwa M-Pesa, lipa kwa nambari ya biashara yenye jina la hoteli. Anayekutaka utume kwa nambari yake binafsi, mwache. Matapeli nao wanajua kutengeneza kurasa nzuri. Na ukighairi, mwarifu mwenye chumba mapema, asije akamnyima mwingine kwa ajili yako.

Nami namalizia kwa ubeti huu:

Dalali amepaaza, bei ameinadiya,
Simama kwanza kuwaza, mbio usijekimbiya,
Mwenyewe kumuuliza, si aibu nakwambiya,
Akiba ukiisaza, ndiwe utayetumiya.