Kalenda Moja, Simu Mbili

Mimi nakaa Mwera, bosi wangu, Mzee, anakaa Pangani mjini, na kati yetu upo mto. Kazi yangu ni kumtunzia miadi: wageni wa vyumba vyake vya Ushongo, safari za boti kwenda kisiwa cha Maziwe, vikao vya wilayani, siku za kwenda Tanga kuonana na daktari. Zamani yote hayo yaliandikwa kwenye kauntabuku, na kauntabuku haivuki mto yenyewe. Siku hizi yako kwenye kalenda ya simu. Mimi nikiandika huku Mwera, Mzee anaona kule ng'ambo. Majirani wenye nyumba za wageni huniuliza tunafanyaje, nami nimeona heri niandike mara moja.

La kwanza la kuelewa ni kwamba kalenda haikai ndani ya simu. Inakaa kwenye akaunti, yaani kwenye kompyuta za kampuni kama Google au Apple, na simu huchota nakala yake. Kisima ni kimoja, ndoo ni mbili. Kusawazisha ni kule kwenda na kurudi kisimani: simu inapeleka ulichoandika na kuleta alichoandika mwenzako. Mzee anatumia iPhone aliyoletewa na mwanawe kutoka Muscat, mimi natumia Android, na bado tunaelewana, kwa sababu kampuni hizi zinafuata kanuni za pamoja. Mtindo wa kuandika tukio la kalenda ulikubaliwa mwaka 1998, na ule wa kulisafirisha kati ya simu na kompyuta kuu ukafuata mwaka 2007.

Wengi hukimbilia njia ya mkato: bosi anampa msaidizi nywila yake ya Gmail. Siipendi hata kidogo. Nywila hiyo inafungua barua, picha na namba za watu, na mara nyingi ndiyo njia ya kubadilishia nywila za akaunti nyingine zote. Hata ukimwamini msaidizi wako kama mwanao, simu yake inaweza kuibiwa stendi.

Njia safi ni ya ruhusa. Mwenye kalenda anaifungua kwenye kompyuta, hata ya steshenari (asisahau kutoka kwenye akaunti akimaliza), anaingia kwenye mipangilio ya kalenda yake, anatafuta sehemu ya kushiriki na watu mahususi, kisha anaandika baruapepe ya msaidizi. Hapo Google itamwuliza ampe ruhusa ya kiwango gani. Kuna ya kuona tu kwamba saa fulani ana shughuli, bila kujua ni ipi. Kuna ya kuona kila kitu bila kugusa. Kuna ya kuandika na kubadilisha matukio. Na kuna ya juu kabisa, ambayo humwezesha msaidizi kuwagawia na wengine ruhusa. Msaidizi anahitaji ile ya tatu. Ya nne abaki nayo mwenyewe. Baada ya hapo msaidizi anapata baruapepe yenye kiungo, na asipokibonyeza kalenda haitatokea kwake. Mwenye iPhone anayetumia kalenda ya Apple ana hatua ya ziada: kalenda za Google alizoshirikishwa hazijitokezi mpaka azichague kwenye ukurasa wa calendar.google.com/calendar/syncselect. Asiyetaka usumbufu huo aweke programu ya Kalenda ya Google kwenye iPhone yake.

Sasa tuje kwenye matatizo. Mzee hupiga simu, "Mwanangu, mbona wageni wa Jumamosi siwaoni?" Mimi namwamkia kwanza, "Shikamoo Mzee," ndipo naanza kupekua.

Tatizo kubwa kuliko yote ni tukio kuandikwa kwenye kalenda ya simu yenyewe. Simu nyingi za Android zina kalenda ya kiwandani, na ukiongeza tukio inaweza kulihifadhi kwenye kalenda ya kifaa badala ya akaunti. Wewe unaliona na unaridhika, lakini halijatoka humo na halitatoka. Kabla ya kuhifadhi, tazama jina la kalenda linaloandikwa juu au chini ya tukio. Kama si ile mnayoshirikiana, libadilishe. Mwenye akaunti mbili za Gmail awe makini maradufu.

La pili linatokana na ubahili wetu wa bando. Mtu anazima data ya chinichini, anawasha kiokoa betri, halafu anashangaa kalenda imelala. Tukio la kalenda ni maneno machache tu. Video moja ya WhatsApp inakula data kuliko miadi ya mwaka mzima. Iruhusu kalenda itumie data hata ukizibana programu nyingine. Mtandao ukikatika, usiogope: ulichoandika kinasubiri simuni na kitapanda ukirudi. Kwa iPhone, kama unatumia kalenda yake ya kiwandani, angalia simu inachota data mpya kila baada ya muda gani.

La tatu huwashangaza wengi: kengele. Mimi nikijiwekea ukumbusho wa nusu saa kabla, utalia kwangu, si kwa Mzee. Kwenye kalenda ya kushirikiana kila mtu ana vikumbusho vyake, kwa hiyo simu ya bosi nayo lazima ipangwe.

Halafu kuna saa. Mgeni wa Ujerumani akiandika 7, ana maana ya saa moja yetu. Mzee akisema saa saba mchana, simu inataka 13:00. Mimi huandika saa yetu kwenye jina la tukio lenyewe, "Boti Maziwe, saa 4 asubuhi", ili hata namba ikisomwa vibaya maneno yabaki. Na Mzee akienda Muscat kuona jamaa, miadi yote husogea mbele saa moja kwenye simu yake, kwa sababu Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Hakuna aliyeigusa. Akirudi, nayo inarudi.

Kalenda ina kipengele cha kurudia tukio kila wiki. Kwa sala ya Ijumaa ni kizuri: muda ule nimeufunga moja kwa moja, asipangiwe kikao. Kwa Maziwe hakifai kabisa. Kisiwa kile ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na kupwa kwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na huo ndio wakati wa kupeleka wageni. Ukirudia safari kila Jumamosi saa ileile, wiki inayofuata ni maji mafu na mgeni atakuta bahari mahali alipotegemea mchanga. Hapo naweka simu chini, nawauliza wavuvi.

Wanaopokea wageni kupitia Airbnb au Booking.com wajue jambo moja. Kile kiungo cha kalenda wanachopewa si sawa na ruhusa niliyoeleza. Ni cha kusoma tu, na Google yenyewe inasema mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 12 kuonekana. Katika saa 12 chumba kinaweza kuuzwa mara mbili. Funga tarehe kwa mkono kila unakouza.

Kuhusu siri, tukio ukilitia alama ya faragha, mwenye ruhusa ya kubadilisha bado analisoma. Kwa hiyo mambo ya hospitali na ya ndoa za watu yawe na kalenda ya pili, asiyoshirikishwa msaidizi. Siku ya daktari wa Tanga, kwenye kalenda yetu huwa pameandikwa tu "Mzee hayupo", na inanitosha. Majina na simu za wageni nayo si ya kumwaga ovyo. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Mkimaliza kupanga, fanyeni jaribio: mmoja aandike tukio, mwingine alifute, wa kwanza aone limeondoka. Likifutwa tukio la maana kwa bahati mbaya, Kalenda ya Google ikifunguliwa kwenye kompyuta ina pipa linalolihifadhi kwa takriban siku 30. Na siku msaidizi akiacha kazi, toa baruapepe yake kwenye orodha ya ruhusa siku hiyohiyo.