Namna ya Kukijua Kiini cha Atomu Kisichoonekana

Watu wa Salale wanajua ya kuwa maji ya Rufiji yapitayo katika mikoko yao yametoka mbali. Mengine hushuka kwa mto Luwegu, kutoka upande wa Namtumbo, ambako madini ya urani yamevumbuliwa karibu na mto Mkuju. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Selous ubadilishwe kwa ajili ya machimbo hayo. Kwa hiyo yafaa wakaao chini ya mto wajue urani ni kitu gani, wala wasitegemee uvumi.

Kila kitu kimefanyizwa kwa atomu, na kila atomu ina kiini, kama alivyotambua Ernest Rutherford mwaka 1911. Ndani ya kiini mna protoni na nyutroni; urani iliyo nyingi zaidi ina protoni 92 na nyutroni 146. Chembe hizi hazikutupwa ovyo, bali zimepangwa kwa madaraja, kila daraja na nafasi zake. Mpango huo ulielezwa na Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen mwaka 1949.

Je, yajulikanaje, hali kiini hakionekani hata kwa darubini? Mfano wake ni mtumbwi wa watu wawili upitao kando ya kisiwa chenye ukungu. Mmoja ashuka, mwenziwe aendelea. Aliye ng'ambo hakuona kitu. Lakini akiangalia kasi ya mtumbwi utokapo ukunguni, na upande unaoelekea, aweza kukisia yule alishukaje.

Wataalamu hufanya vivyo hivyo. Huchukua deuteroni, yaani protoni moja na nyutroni moja zilizoshikana, wakairusha kwa mashine ipite karibu na kiini. Nyutroni hubaki humo, protoni huenda zake. Kasi ya protoni huonyesha nyutroni imepata daraja gani. Pembe yake huonyesha nyutroni inavyozunguka humo. Na wingi wa protoni huonyesha kama daraja lile lilikuwa tupu au limejaa. Stuart Butler alieleza hesabu ya pembe hizo mwaka 1951.

Njia hii imetumiwa hata kwa urani yenyewe. Nayo ina faida, maana kiini kimoja kikipokea nyutroni hupasuka na kutoa moto wa kufanyia umeme, na kingine huimeza tu kikageuka kitu kingine. Ajuaye tofauti hiyo aweza kukadiria nguvu itakayopatikana, na taka zitakazosalia.

Basi mwalimu akiulizwa habari za urani, asiwatishe watu wala asiwabembeleze. Awaeleze, kisha wao wenyewe waulize maji yao yapimwa na nani, na mara ngapi.