Mkuu wa Polisi Aliyekataa Amri

Kusini ya nchi ya Korea, huko Asia ya mashariki, pana kisiwa kiitwacho Jeju. Mwaka 1948 kulitokea maasi kisiwani, na katika kuyazima watu wengi sana waliuawa. Tena tarehe 25 Juni 1950 majeshi ya Korea ya Kaskazini yakaishambulia Korea ya Kusini. Ndipo serikali ya Kusini ilipoingiwa na hofu ya adui wa ndani, ikawakamata watu waliodhaniwa tu kuwa wafuasi wa Kaskazini. Maelfu yao waliuawa pasipo kuhukumiwa.

Siku zile mkuu wa polisi wa Seongsan, mashariki ya Jeju, alikuwa Moon Hyung-soon. Alizaliwa mwaka 1897, na katika ujana wake alipigana na Wajapani huko Manchuria kwa ajili ya uhuru wa Korea. Mwishoni mwa Agosti 1950 aliletewa barua ya jeshi, iliyomtaka awapige risasi wafungwa aliokuwa nao. Moon aliisoma, kisha akaandika juu ya karatasi ileile kwamba jambo hilo si la haki, kwa hiyo halitatimizwa. Hivyo watu zaidi ya 200 wakaokoka.

Askari hufundishwa kutii, na wakati wa vita asiyetii hujitia hatarini. Moon alilijua hilo. Lakini alijua pia kwamba kumwua mtu asiyehukumiwa hakugeuki kuwa haki kwa sababu mkubwa ameamuru.

Alikufa mwaka 1966, asiache mtoto. Mwaka 2018 polisi wa Korea ya Kusini walimtangaza kuwa shujaa wao.